Kampala hadi Mombasa na watoto wadogo: ndege ya moja kwa moja, ya kuunganisha, au basi kwanza?

Ikikaribia Desemba, sisi tunaoishi Kampala na wazee wetu wako Pwani huulizana swali lile lile: mwaka huu hawa watoto tunawapeleka vipi? Aliye peke yake hana kesi. Atapanda basi jioni, ataamka Nairobi, na usiku wake atashukia Mwembe Tayari akatafute mahamri. Mwenye kichanga kifuani na mwingine wa miaka minne anayemvuta nguo ana hesabu nyingine kabisa. Watu wengi huanza hesabu hiyo kwa kuuliza shirika gani lina bei ya chini. Mimi naona swali la kwanza ni umri wa watoto, kwa sababu njia iliyo rahisi kwa mwenye mtoto wa miezi minane inaweza kuwa ya ghali kuliko zote kwa mwenye watoto wa miaka mitatu na mitano.

Njia ninazolinganisha ni nne: ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe, ndege ya kupitia Nairobi, basi hadi Kisumu kisha ndege ya bei nafuu ya ndani ya Kenya, na basi hadi Nairobi kisha treni ya SGR, ile reli mpya ya Nairobi–Mombasa. Sitaji nauli ya shirika lolote kama bei ya kudumu, maana nauli ya ndege hubadilika kati ya asubuhi na jioni ya siku moja. Kinachodumu ni kanuni za kuipanga.

Kwanza, mtoto anahesabiwaje

Kwa mashirika ya ndege abiria ni wa aina tatu: mtu mzima kuanzia miaka 12, mtoto wa miaka 2 hadi 11, na kichanga ambaye hajatimiza miaka 2. Kichanga anayepakatwa hulipiwa takribani asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima kwenye safari za kimataifa, na hapewi kiti. Akishatimiza miaka miwili lazima awe na kiti chake, na hapo ndipo mashirika yanapotofautiana. Yale ya kawaida, kwa desturi ya miaka mingi, humtoza mtoto kama asilimia 75 ya nauli, ingawa kwenye tiketi za chini kabisa punguzo hilo mara nyingi halipo tena. Yale ya bei nafuu hayana habari na utoto: kiti ni kiti, alipe sawa na baba yake. Na hata punguzo likiwepo, huhesabiwa kwenye nauli tupu. Kodi na ada za viwanja hubaki pale pale, na kwenye safari fupi kama hizi zetu, kodi na ada ni sehemu kubwa ya bei.

Tuchukue mfano wa kubuni ili tuone inavyofanya kazi. Familia ni mama, baba, mtoto wa miaka minne na kichanga wa miezi kumi. Shirika la kawaida linataka dola 200 kwa mtu mzima, kwenda na kurudi. La bei nafuu linataka 130. Tangazo linasema utaokoa dola 70 kwa kila kichwa. Haya, tuhesabu. Kwa shirika la kawaida: wazazi 400, mtoto 150, kichanga 20, jumla 570, na mabegi ya chini yamo ndani. Kwa la bei nafuu: viti vitatu 390, ada ya kichanga tuseme 20, mabegi mawili makubwa kwenda na kurudi 80, na 30 za kuchagua viti ili mtoto wa miaka minne asijikute amekaa na mzee asiyemjua. Jumla 520. Zile dola 70 kwa kila kichwa zimekuwa dola 50 kwa familia nzima, na maji ya kunywa hujanunua.

Sasa mtoe kichanga, weka wazazi wawili na watoto wawili wa miaka mitatu na mitano. La kawaida linafika 700 kama punguzo la mtoto lipo, na 800 kama halipo. La bei nafuu ni 520 za viti, 80 za mabegi na 40 za kuchagua viti, yaani 640. Hapo ndipo bei nafuu inapoanza kuwa nafuu kweli. Kwa hiyo familia yenye vichanga hufaidika kidogo na mashirika haya, na familia yenye watoto wakubwa kidogo hufaidika zaidi, hasa kama inaweza kusafiri na mabegi ya mkononi tu. Nani anaweza kwenda kumwona mama mkwe na begi la kilo saba? Kahawa ya Bugisu peke yake, na simsim, na vitenge vya mawifi, kilo saba zimekwisha.

Wakala wa tiketi hatakueleza haya usipouliza. Mazungumzo ya Kampala Road huwa hivi (nnyabo ni mama na ssebo ni bwana, kwa Kiganda):

"Nnyabo, hii ndiyo ya chini kabisa."

"Na mabegi, ssebo?"

"Ah, mabegi utalipia mbele ya safari."

Mbele ya safari maana yake ni kaunta ya uwanjani, ambako begi lililolipiwa siku hiyo hugharimu zaidi ya lililolipiwa wakati wa kukata tiketi. Lipia mapema au usilibebe.

Ndege ya moja kwa moja Entebbe–Mombasa

Uganda Airlines, iliyofufuka na kuanza kuruka tena Agosti 2019 baada ya ile ya zamani kufungwa mwaka 2001, ndiyo iliyoifanya njia hii iwezekane kwa watu wa kawaida. Ndege zake za safari za karibu ni CRJ900, zenye viti viwili viwili kila upande wa ujia. Kwa mwenye watoto mpangilio huu ni neema: hakuna kiti cha katikati, hakuna mgeni wa kuombwa radhi kila mtoto anapotaka kwenda chooni. Mama na kichanga wanakaa na mmoja, baba anakaa na mwingine ng'ambo ya ujia. Safari yenyewe haifiki saa mbili.

Kuna jambo moja la vichanga ambalo wenye mapacha hulijua na wengine hawalijui. Mtu mzima mmoja hupakata mtoto mmoja tu. Na kwa kuwa barakoa za oksijeni juu ya kila safu zina moja tu ya ziada, vichanga wawili hawawekwi ubavu mmoja wa safu moja. Mzazi aliye peke yake na mapacha wa miezi sita itabidi amnunulie mmoja kiti na awe na kiti cha mtoto kinachokubalika ndegeni, au aende na shangazi.

Upande mbaya wa njia hii ni kwamba hairuki kila saa kama za Nairobi. Ndege inayoruka siku kadhaa tu za wiki ikiahirishwa, inayofuata huenda ikawa keshokutwa. Kwa hiyo siikati kama harusi ni Jumamosi na ndege ni Ijumaa. Kwa likizo ya wiki tatu, siku moja ikipotea hakuna anayelia.

Kwa bei, ukiiweka kando ya nyingine, mara nyingi si ya chini kabisa. Lakini ukiwa na mtoto chini ya miaka miwili anayelipiwa asilimia 10, na mabegi yamo ndani, tofauti hupungua hadi mtu anaacha kuiona. Hii ndiyo chaguo langu kwa mwenye kichanga, na sisiti kusema hivyo.

Kupitia Nairobi

Entebbe hadi Nairobi ni saa moja na robo hivi, Nairobi hadi Mombasa si zaidi ya saa moja. Kenya Airways huunganisha zote mbili, na faida yake ni wingi wa safari: ukikosa ya asubuhi ipo ya mchana. Hasara ni kwamba watoto wanapanda juu mara mbili na kushuka mara mbili, na masikio ya mtoto huuma wakati wa kushuka. Hewa ndani ya ndege iliyo juu ni kama ya mtu aliye mlimani mita 1,800 hadi 2,400. Ndege inaposhuka, hewa ya nje ya sikio huzidi ya ndani, na mtoto ambaye hajui kumeza mate kwa makusudi hulia. Dawa yake ni kumnyonyesha au kumpa chupa ndege inapoanza kushuka, kama nusu saa kabla ya kutua, wala si magurudumu yakigusa ardhi. Mkubwa mpe pipi ya kunyonya, kama ameshafika umri wa kuila bila kukabwa. Mwenye mafua mazito mpeleke kwa daktari kabla ya siku ya safari. Na ile tabia ya kumpa mtoto dawa ya kikohozi ili alale, tuiache.

Ndani ya njia hii kuna ulinganisho mwingine ulio muhimu kuliko wote kwenye makala hii: tiketi moja au tiketi mbili. Ukikata tiketi moja Entebbe–Nairobi–Mombasa, shirika limechukua jukumu la kukufikisha. Ndege ya kwanza ikichelewa, ni juu yao kukutafutia nyingine. Ukikata ya kwanza kwa shirika moja na ya pili, Nairobi–Mombasa, kwa shirika la bei nafuu kama Jambojet, hesabu kwenye simu hupendeza. Lakini unaposhuka Nairobi unapita uhamiaji, unangoja mabegi, unayatoa nje, unahamia upande wa safari za ndani, unayakabidhi upya. Ndege ya kwanza ikichelewa saa mbili na ya pili ikaondoka, shirika la pili halikudai wala halikudaiwa: tiketi yako imekwenda, ukanunue nyingine kwa bei ya siku hiyo. Mtu mzima peke yake anaweza kucheza bahati nasibu hiyo. Mwenye watoto wawili aache nafasi ya saa nne au tano katikati, na akishaiacha, ajiulize saa tano uwanjani na mtoto wa miaka miwili zina thamani gani.

Isipokuwa kwa jambo moja. Kama kwa bibi ni Ukunda, Msambweni au Diani, ndege ndogo za kutoka Nairobi hutua Ukunda kwenyewe, na hapo unaepukana na feri ya Likoni ukiwa na kigari cha mtoto, mabegi na jua la saa nane mchana. Kwa watu wa Kusini mwa Pwani, tiketi mbili zinaweza kuwa na maana.

Basi hadi Kisumu, kisha ndege

Njia hii huizungumzi na jamaa wa Pwani bila kuchekwa, lakini ina mantiki. Safari ya ndani ya nchi haitozwi zile ada za kimataifa. Abiria wa ndani hulipa ada ya uwanja iliyo ndogo mara nyingi kuliko ya anayevuka mpaka. Kwa hiyo nauli ya ndege kutoka Kisumu inaweza kuwa sehemu tu ya nauli ya kutoka Entebbe. Kampala hadi Busia ni kama kilomita 200, na kutoka Busia hadi Kisumu zaidi ya 100. Tangu 2018 Busia ni kituo cha pamoja cha mpaka, unagongewa kutoka Uganda na kuingia Kenya kwenye jengo moja. Na uwanja wa ndege wa Kisumu uko kwenye barabara hiyo hiyo ya Busia, kabla hujaingia mjini, kwa hiyo huhitaji kuzunguka.

Kwa mtoto je? Basini, mtoto anayepakatwa kwa kawaida halipi kitu, hata akiwa na miaka mitatu. Akikalia kiti, analipa kiti. Kwa hiyo familia yenye watoto wa miaka mitatu na mitano inaokoa pande zote mbili. Gharama iko kwingine: ni siku nzima barabarani, choo ni cha kituoni, na ndege za kutoka Kisumu kwenda Mombasa zinaweza kupitia Nairobi, yaani huenda bado kuna kupanda na kushuka. Wenye jamaa Kisumu wa kulala kwao usiku mmoja, hii ni njia nzuri kuliko inavyosifiwa. Wasio na jamaa, ongeza hoteli kwenye hesabu na uone kama kuna kilichobaki.

Basi na SGR

Treni ya Nairobi–Mombasa ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500 Januari 2024. Mtoto chini ya miaka mitatu hupanda bure, wa miaka 3 hadi 11 nusu nauli. Hakuna ndege itakayokupa bei hiyo, na behewa lina nafasi ya mtoto kutembea na choo kisicho cha kushikilia pumzi. Kwa safari ya saa tano au sita, naiona ni bora kuliko ndege kwa mtoto wa miaka mitatu kwenda juu, na dirishani kuna tembo wa Tsavo wakijaliwa kutokea.

Tatizo ni kuifikia. Basi la Kampala–Nairobi hutembea saa 12 hadi 14, kwa kawaida usiku, na mpakani huwaamsha watoto wote wakati usingizi umekolea, mnashuka, mnapanga foleni, mnapanda tena. Asubuhi mko katikati ya Nairobi na treni iko Syokimau. Jumla, kutoka nyumba ya Kampala hadi nyumba ya Mombasa, ni zaidi ya saa 24. Isitoshe, tiketi za Desemba huisha mapema, na njia ya kawaida ya kuzilipia ni M-Pesa. Mwenye laini za Uganda pekee huenda akamwomba ndugu aliye Kenya amlipie.

Ukiziweka zote mezani:

| Njia | Muda, nyumbani hadi nyumbani | Kichanga chini ya miaka 2 | Mtoto wa miaka 2–11 | Panapouma |
|---|---|---|---|---|
| Moja kwa moja | saa 7–8 | kama asilimia 10 | robo pungufu au nauli kamili | si kila siku |
| Kupitia Nairobi, tiketi moja | saa 9–12 | kama asilimia 10 | robo pungufu au nauli kamili | masikio mara mbili |
| Kisumu kisha ndege | siku nzima au na usiku | basini bure, ndegeni ada | basini akipakatwa bure, ndegeni kamili | uchovu |
| Basi na SGR | zaidi ya saa 24 | bure | treni bure hadi 3, kisha nusu | usiku wa mpakani |

Safu ya kwanza ni ya mwenye kichanga. Ya mwisho ni ya mwenye watoto wanaojua kusema wanataka kukojoa, na muda wa kupoteza. Mwenye mmoja wa kila aina, yaani wengi wetu, afikirie kugawa safari: kwenda kwa ndege nguvu na pesa zikiwepo, kurudi kwa treni na basi pesa zikiwa zimekwisha na watoto wameshazoea kuzurura.

Kumpakata au kumnunulia kiti

Swali hili huulizwa kama la pesa, na ni la usalama. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, husema wazi kwamba mahali salama zaidi kwa mtoto chini ya miaka miwili ni kwenye kiti chake maalumu kilichoidhinishwa, si mapajani. Ndege ikitikiswa ghafla na hewa, mikono ya mama haina nguvu za kumshika. Kwa safari ya saa moja na nusu wengi tunapakata, mimi nikiwemo, mkanda mdogo wa kichanga ukiwa umefungwa kwenye wa kwangu. Lakini mtoto wa miezi 18 mwenye kilo 12 hapakatiki saa tano kwenda Dubai. Hapo ama mnunulie kiti, ama uombe kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya safu ya kwanza, ambacho hupatikana kwenye ndege kubwa, hubeba vichanga wa kilo 10 au 11 hivi, na lazima kiombwe mapema kwa sababu huwa vichache. Kwenye CRJ na ndege nyingine ndogo usikitafute.

Leso ya kumbebea mgongoni, kwa maoni yangu, inashinda kigari uwanjani. Kigari hupokelewa bure na mashirika mengi na huchukuliwa mlangoni mwa ndege, ila unapotua huenda ukakipokea kwenye mkanda wa mabegi, baada ya foleni ya uhamiaji, yaani baada ya kukihitaji.

Saa ya ndege

Ndege za usiku mkubwa huwa na bei ya chini, na Entebbe iko kilomita 40 kutoka Kampala. Ndege ya saa kumi alfajiri inataka muondoke nyumbani saa sita za usiku, na speshali, yaani teksi ya kukodi, ya saa hizo si bei ya mchana. Kwenye geti la uwanja abiria hushuka garini kukaguliwa, kwa hiyo mtoto aliyelala ataamka, utake usitake. Linganisha na ndege ya saa tano asubuhi: unaondoka alfajiri, barabara ya haraka ya kulipia unaipata nyeupe, mtoto amekunywa uji. Kama tofauti ya bei haifiki nauli ya speshali ya usiku, chukua ya asubuhi.

Na soma tarehe vizuri. Tiketi ikiandika tarehe 12 saa 00:45, hiyo kwetu ni usiku wa kuamkia tarehe 12, yaani unatoka nyumbani tarehe 11 jioni. Kila Desemba kuna familia inayofika Entebbe siku moja baada ya ndege yake.

Hati zinazogeuza rahisi kuwa ghali

Tangu 2014 Waganda, Wakenya na Wanyarwanda huvuka mipaka ya nchi zao tatu kwa kitambulisho cha taifa. Wazazi wengi husikia hivyo wakatulia. Lakini kadi ya NIRA, yaani hicho kitambulisho cha taifa cha Uganda, hutolewa kuanzia miaka 16; mtoto wa miaka minne hana kadi. Kila mtoto, hata wa wiki tatu, anahitaji hati yake mwenyewe. Kwa ndege, pasipoti ndiyo isiyo na mjadala, na ada ya kawaida ya pasipoti ya Uganda ni shilingi 250,000. Watoto wawili ni nusu milioni kabla hujakata tiketi. Ukilinganisha njia za ndege na za barabara mwaka wa kwanza, iweke gharama hiyo. Mwaka wa pili iondoe. Kaunta ya ndege huwa kali kuliko mpaka wa barabarani, kwa sababu shirika likimpakia abiria asiye na hati sahihi hulipa faini na kumrudisha kwa gharama yake.

Mzazi anayesafiri peke yake na watoto abebe cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja na barua ya ridhaa ya mzazi mwenzake, iliyoshuhudiwa na wakili. Huenda asiulizwe. Akiulizwa asiwe nayo, safari imekwisha.

Kadi ya njano nayo: Kenya na Tanzania hutaka cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka Uganda mwenye umri wa mwaka mmoja na zaidi. Chanjo hutolewa kuanzia miezi tisa, na Uganda iliiingiza kwenye ratiba ya kawaida ya watoto mwaka 2022, kwa hiyo mtoto wako huenda ameshachanjwa. Bado utahitaji cheti chenyewe. Ichomwe angalau siku kumi kabla ya safari ndipo cheti kihesabike, na kikishatoka ni cha maisha.

Maziwa na uji wa mtoto huruhusiwa kupita ukaguzi zaidi ya ile mililita 100 ya vimiminika vingine, kwa kiasi cha safari, watakuomba ufungue. Nepi usizifunge kwenye kavera: Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017. Tia kwenye mfuko wa kitambaa.

Desemba au Januari

Uamuzi mkubwa wa bei, kwa watu wa Uganda, si wa njia bali wa wiki. Shule za Kenya hufunguliwa mapema Januari. Zetu, likizo ya mwisho wa mwaka hufika hadi mwanzoni mwa Februari. Kuanzia wiki ya pili ya Januari, Wakenya wamerudi kazini na shuleni, treni ina viti, ndege za Mombasa zimepungua watu na nauli zimeteremka, na watoto wetu bado wako nyumbani wakigombania rimoti. Hakuna ujanja wa kuwinda ofa utakaokupa nafuu kama kumwomba bibi asubiri wiki tatu.

Ila tazama kwanza tarehe ya kuzaliwa ya mdogo. Umri hupimwa siku ya kila safari, si siku ya kununua tiketi. Kichanga anayetimiza miaka miwili Januari 20, ukiondoka naye tarehe 12 na kurudi tarehe 30, atarudi akiwa abiria wa kulipiwa kiti, na mashirika mengine hutaka kiti hicho kwa safari nzima. Kwa huyo, nenda Desemba umpakate kwenda na kurudi, au mkate tiketi ya kwenda tu kwa ndege na mrudi kwa treni, ambayo haimtozi mpaka afike miaka mitatu.